Siku Mbili Kansa Yangu Ilikuwa ya Kaka

Kama gazeti la wiki jana ulilipangusia kioo, nakufupishia. Mimi ni fundi rangi wa magari. Sauti ilinikauka miezi minne, nikaisingizia thina, ile dawa ya kuzimulia rangi. Bima sina. Kaka yangu anaendesha kreni kwenye ghala kubwa na mwajiri wake amemkatia bima. Mke wake, shemeji yangu, akanipa kadi kwa siri, maana mimi na kaka tumefanana na picha ya kwenye kadi imefifia. Nikaenda hospitali kwa jina la kaka, nikaitika kwa jina la kaka, na daktari akanikata kipande cha nyama kooni kwa jina la kaka. Majibu yakatoka: saratani ya koo.

“Utapigwa mionzi mara thelathini na tatu,” daktari alisema. “Rudi nyumbani, utapigiwa simu.”

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, msomaji.

Wiki ya kwanza simu haikuja. Mtu mwenye akili timamu angekwenda kuuliza. Mimi nilikuwa naamka, nameza mate nione kama panauma, naona panauma, nakwenda zangu gereji kupiga msasa. Kila siku iliyopita bila simu niliiona kama zawadi.

Sitawaficha, niliogopa mionzi kuliko ugonjwa wenyewe. Ugonjwa tulishazoeana, tulikuwa tunalala kitanda kimoja. Lakini kule hospitali nilikaa karibu na mzee mmoja aliyekuwa katikati ya matibabu. Ngozi ya shingo yake ilikuwa imeiva, imekuwa na rangi ya bodi ya gari lililosahauliwa juani miaka kumi. Mate alikuwa anayatemea kwenye kikopo kwa sababu kuyameza hawezi. Nilihama kiti.

Wiki ya pili nayo kimya. Ya tatu, siku ya Jumamosi mchana, simu ikalia. Alikuwa shemeji.

“Shemeji, njoo nyumbani sasa hivi. Kaka yako anatuita wote.”

“Kuna nini?”

“Hasemi. Amekaa sebuleni, amezima televisheni.”

“Si kuna mpira leo?”

“Ndiyo nakwambia njoo.”

Nikajua nimekamatwa. Njia nzima nilikuwa napanga uongo. Nilifika nikiwa na uongo wa aina tatu, mmoja mzuri kabisa, nikaukuta hauhitajiki.

Kaka alikuwa kwenye kiti chake, mikono magotini. Binti zake wawili walikuwa wamekaa chini. Shemeji alikuwa amesimama nyuma ya kiti na kitambaa cha kufutia vyombo begani.

“Kaeni,” kaka alisema. “Nina kansa ya koo.”

Nilikaa bila kuangalia kama kuna kiti. Bahati kilikuwepo.

“Hospitali walinipigia simu wiki mbili zilizopita,” akaendelea. “Kumbe ni ule upimaji wa kazini. Yule nesi alinimulika kooni, akaandika, akaandika, mimi hapo hapo nikajua. Na hizi sigara zangu. Sikutaka kuwatia hofu mpaka mambo yapangwe. Sasa yamepangwa. Nimeshatengenezewa kinyago cha kuvaa kwenye mionzi. Jumatatu saa tatu naanza mionzi. Mara thelathini na tatu.”

Thelathini na tatu. Mionzi yangu ile ile.

Ndugu msomaji, umeshaelewa, nami nilielewa. Namba ya simu iliyomo kwenye kadi ni ya kaka. Nilipoandikishwa hospitali niliogopa kuibadilisha wasije wakaniuliza maswali. Basi simu niliyokuwa nashukuru haiji ilikuja, ila ililia kwenye mfuko wa mtu mwingine.

Shemeji alinitazama. Mimi nikatazama zulia.

Sasa nifike penye aibu, maana niliwaahidi tangu mwanzo kwamba hapa sifichi. Kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni hakikuwa huruma. Kilikuwa nafuu. Kwa jinsi kaka alivyolisema lile neno, ameshika koo lake, macho yamemjaa, mimi mwenyewe nilianza kuamini. Nikawaza labda walikosea. Labda ni yake kweli, na mimi ni thina tu.

Mabinti wakaanza kulia. Kaka akawavuta kwake wote wawili.

“Baba mdogo wenu yupo,” akawaambia. “Hamtapungukiwa.”

Nikafungua mdomo kusema. Ikatoka ile sauti yangu ya msasa. “Kaka.”

“Usiseme kitu, mdogo wangu,” akanikatiza. “Nakuona. Sauti imeshakukauka kwa kunililia.”

Shemeji akaenda jikoni. Baada ya muda kidogo akaniita nikamsaidie kushusha sufuria.

Hakukuwa na sufuria. Alifunga mlango, akafungulia bomba maji yachuruzike, akasogea karibu.

“Sema,” akaninong’oneza. “Nenda ukaseme sasa hivi.”

“Nitasema nini?”

“Kwamba ni yako. Lakini mimi usinitaje.”

“Nitasemaje bila kukutaja? Kadi ilinifuata gereji kwa miguu yake?”

“Useme uliiokota.”

“Kwenye mkoba wako?”

Maji yakachuruzika.

“Unamjua kaka yako,” akasema. “Ataniuliza nilikupa lini. Ataniuliza kwa nini yeye nilimficha. Na ghalani wakijua kadi ilitumiwa na mtu mwingine, watamfukuza kazi. Mimi nilikuonea huruma, shemeji. Ulikuwa unatema damu kwenye sinki yangu, ningefanyaje?”

“Jumatatu nitamwahi daktari kabla hajaingia,” nikasema. “Nitamwambia yeye kwanza. Daktari ndiye atakayejua namna ya kulimaliza.”

“Unaapa?”

Nikaapa. Kuapa kwa mtu asiye na sauti ni kazi nyepesi.

Jumapili nilikwenda tena, maana ningekosekana ingeonekana vibaya. Kaka alikuwa ameanza kuumwa kweli. Chai ilikuwa inamkwama. Alisema usiku alihisi kitu kama mfupa kooni.

“Hebu papasa hapa,” akaniambia, akashika mkono wangu, akauweka shingoni mwake. “Unakisikia?”

Nilipapasa. Lilikuwa koo kama koo. Langu lilikuwa na uvimbe mgumu chini ya taya, nimeuficha kwa kola ya shati.

“Sisikii kitu, kaka.”

“Unanifariji tu.”

Halafu akanieleza habari za kinyago. Sikumuuliza, alijieleza mwenyewe, kama mtu anayetua mzigo.

“Wanakulaza kwenye meza ngumu. Wana plastiki nyeupe, ina vitundu vitundu, wanaichovya kwenye maji moto inakuwa laini. Wanaivuta usoni kwako mpaka mabegani. Mdogo wangu, inakushika. Inashika pua, inashika midomo, inashika kope. Halafu inapoa inakuwa ngumu. Wanaibana kwenye meza kwa vibano, wewe uko ndani. Kichwa hakigeuki. Mdomo haufunguki.”

“Ukitaka kusema kitu?”

“Unainua mkono. Wao wako chumba kingine, wanakuangalia kwenye televisheni.”

“Wasipoangalia?”

“Na mimi niliwauliza hivyo hivyo,” kaka alisema, akajaribu kucheka. Kaka yangu anapanda ngazi ya kreni ya ghorofa sita kila asubuhi na mvua ikinyesha, na alikuwa anatetemeka kwenye kiti cha sebuleni kwake.

Nilihisi ile plastiki usoni kwangu, nikahisi pumzi zinagoma, maana zangu zilikwisha kuanza kupiga filimbi nikilala chali. Na hapo nikawaza hivi: afadhali yeye. Ndiyo, niliwaza hivyo juu ya mtoto wa mama yangu. Wenye matusi waandike, anwani ya gazeti wanayo.

Nilipokuwa naaga, nilimkuta amesimama mlangoni mwa chumba cha mabinti. Alikuwa anamwonyesha yule mkubwa bahasha ya karatasi za nyumba mahali inapowekwa. Aliongea polepole, akairudia mara mbili. Binti alikuwa anaitikia kwa kichwa huku kamasi zinamtoka. Nilipita kwa nyuma yao nikaondoka zangu.

Jumatatu tulikwenda watatu. Mimi nilitangulia dakika chache nimwahi daktari kama nilivyoapa, nikaambiwa yuko wodini, nisubiri. Nikasubiri. Kaka na shemeji wakanikuta nimekaa.

Chumba cha kusubiria mionzi kiko chini kabisa ya jengo, hakina dirisha. Ukuta umepakwa rangi ya krimu ya aina mbili, fundi aliishiwa akachanganya nyingine bila kupima. Niliutazama ule mpaka wa krimu na krimu kwa muda mrefu, ili nisimtazame mtu.

Mlango ukafunguliwa. Mhudumu wa mionzi, kijana mwenye koti la bluu, akaita jina la kaka.

Nikasimama.

Sikukusudia. Kwa wiki nyingi lile jina lilikuwa langu katika jengo lile. Nililiitikia mapokezi, nikaliitikia maabara, nikaliitikia nikiwa nimepanua mdomo na chuma kimo kooni. Miguu ilisikia jina ikasimama yenyewe. Na kaka naye alikuwa amesimama.

Mhudumu akatutazama, mmoja, mwingine. “Wote wawili?”

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, watu wametulia, nimesimama tayari.

“Huyu ni mdogo wangu,” kaka alisema. “Ana hofu kunishinda mimi.”

Watu wakacheka kidogo, kwa upole. Mimi nikakaa.

Kaka akavua saa, akanipa. Akanipa na simu. Akafungua vifungo viwili vya juu vya shati, akaingia ndani nyuma ya yule kijana, na mlango ukajifunga.

Shemeji alisogea kiti cha karibu yangu. “Umemwambia daktari?”

“Hajafika.”

“Kwa hiyo?”

Nikageuza macho kwenye ule ukuta wa krimu.

“Wanakwenda kumchoma mume wangu koo zima, lisilo na kitu,” alisema. Hakupandisha sauti, lakini kucha zake ziliingia kwenye mkono wangu. “Nenda.”

“Nenda wewe. Wewe ni mke, watakusikiliza.”

“Nikienda mimi ndoa yangu imekwisha.”

“Nikienda mimi kadi imekwisha, sitatibiwa.”

Basi tukakaa pale, watu wazima wawili, kila mmoja anamsukumia mwenzake roho ya mtu. Nilitazama saa ya kaka. Ilikuwa saa tatu na dakika nane. Juu ya mlango ikawaka taa ya njano ya kuonya kwamba mashine inaandaliwa. Shemeji aliiona, akaanza kulia bila sauti, na bado hakuinuka.

Sijui kilichoniinua. Ningependa kuwaambia ni upendo. Nadhani ilikuwa ile bahasha ya karatasi za nyumba. Nilijikuta nasukuma mlango, nafuata ujia mfupi unaokata kona, na mtu nyuma yangu anasema, “Wewe, huruhusiwi kuingia huko.”

Kaka alikuwa mezani. Uso hakuwa nao, alikuwa na ile plastiki nyeupe, imebanwa pande zote. Mashine kubwa ilikuwa imeinama juu yake. Vidole vyake vilikuwa vimeshika pindo la shati. Mhudumu alikuwa anageuka kutoka ndipo akaniona.

“Baba, toka humu.”

Nikasema, “Simamisha.” Yaani nilitaka kusema. Ilitoka pumzi tupu, kama tairi linalovuja. Nikajaribu tena, hakuna. Sauti iliyokuwa inanikwaruza miezi minne ilichagua siku ile kukata kabisa. Nikaenda moja kwa moja nikaweka mwili wangu juu ya kaka, kati yake na mashine, nikaushika ule ukingo wa meza.

Wakaja wawili kunivuta. Nikamshika yule kijana kola, nikamvuta sikio lake mpaka mdomoni kwangu.

“Huyu hana kansa,” nikamnong’oneza. “Ni yangu. Jina ni lake, koo ni langu.”

Akaniachia. Akaanza kufungua vibano, kimoja baada ya kingine.

Kaka aliinuka na alama za vitundu uso mzima. Nikarudia kwake yale maneno, kwa mnong’ono, macho kwa macho. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanishika kichwa kwa mikono yote miwili.

“Mdogo wangu,” alisema, “hili halibebwi kwa zamu. Kama ningeweza ningekugawia nusu kwa jinsi unavyotaka. Nenda nje ukakae na shemeji yako.” Akamgeukia mhudumu. “Msamehe. Tumelelewa pamoja. Nirudishie kinyago, tuendelee.”

Nilimwambia ukweli wa kwanza baada ya miezi minne na yeye akauona ni mapenzi. Nilitikisa kichwa mpaka shingo ikauma. Nikafungua kola, nikauchukua mkono wake kama yeye alivyouchukua wangu Jumapili, nikauweka kwenye uvimbe.

Mkono ukatulia pale.

Daktari alikuja. Alikuwa yule yule mwanamke mfupi mwenye miwani, aliyenikata kile kipande. Hakuhitaji faili. Alininyooshea kalamu.

“Mgonjwa wangu ni huyu. Huyu mwingine ni nani?”

Alimmulika kaka kooni. “Huyu ni mzima. Aache sigara, basi.” Kisha akanigeukia mimi. Akaniingiza kooni kioo kidogo chenye mpini, akakaa nacho muda mrefu, akaniambia niseme aaa. Nikasema pumzi.

“Wiki tatu ulikuwa wapi?”

Nikainamisha kichwa.

“Imekua,” alisema. “Kamba ya sauti ya kushoto mara ile ilikuwa inatikisika, sasa imesimama. Nikuambie wazi kwa sababu umejificha vya kutosha. Kinyago kinatengenezwa leo, kwa uso wako, na wiki hii uwe umeanza. Ukipotea tena hatutaongea habari ya mionzi. Tutaongea habari ya kutoa sanduku lote la sauti na kukutoboa hapa upumulie.” Akanigusa kwa kidole chini ya koo, pale penye kibonde. Kidole kilikuwa cha baridi.

Nilikuwa nimemtazama kaka wakati daktari anasema mzima, na niliiona hofu inamtoka usoni, kweli niliiona, mabega yakashuka, akavuta pumzi kama mtu aliyefunguliwa kamba. Sasa hofu yote ilikuwa imerudi kwa mwenyewe.

“Tangu Jumamosi,” kaka alisema. “Ulikuwa umekaa pale. Ulijua.”

Nikaitikia kwa kichwa.

“Nimewaaga wanangu.”

Nikaanza kufunga kola yangu.

“Nimewaaga wanangu,” akarudia, sasa kwa sauti ndogo, “na wewe ulikuwa mlangoni unapita.”

Daktari alikohoa kidogo. “Hayo mtayamaliza nyumbani. Mimi nina faili lenye jina la mtu mzima na ugonjwa wa mtu mwingine, siwezi kuligusa mpaka lirekebishwe. Kama mwenye kadi au mtu wa nyumbani kwake aliitoa kwa hiari, mnaandika barua, mtajibu kwa watu wa bima na kwa mwajiri, mtapata misukosuko, lakini mimi naweza kumwanzishia matibabu leo kwa jina lake mwenyewe wakati mnajibu. Kama kadi iliibwa, hiyo ni habari ya polisi, na mkono wangu unaishia hapo.” Akamtazama kaka. “Ulimpa wewe?”

Shemeji alikuwa ameshaingia. Alisimama penye kona ya ule ujia, ameukumbatia mkoba wake kifuani.

Kaka hakumjibu daktari. Alikuwa anafunga vifungo vya shati, na alama za vitundu bado ziko usoni kwake. Alinitazama mimi. Akamtazama mke wake, chini mpaka juu, akarudi kwangu. Nikaona anapiga hesabu ya miezi, siku ambazo yeye alikuwa juu ya kreni na mimi nilikuwa nyumbani kwake, na nikaona ile hesabu inakwenda pabaya, pabaya kuliko kansa.

“Mimi sikumpa,” alisema. “Kadi yangu inakaa kwenye mkoba wa mke wangu. Muulizeni yeye kama iliibwa au aliitoa. Na kama aliitoa, aseme huyu ni nani kwake hata mimi nifichwe.”

Wote wakamgeukia shemeji. Neno moja tu la kujiokoa, “aliiba,” na mimi sitatibiwa. Alimwangalia mume wake, akaniangalia mimi, midomo ikaanza kufunguka. Nilitaka kumwomba asinitupe, na kooni kwangu haikutoka hata pumzi.